Siku Cadillac Ilipovuka Kilombero

Ndugu msomaji, mimi si fundi wa magari na wala sina gari. Naishi Dar, nagombania daladala kama wewe, na baiskeli yangu imechoka mpaka mnyororo unavuka kila nikipanda kilima. Lakini mwezi wa saba mwaka 2024 nilisimama Kibaoni, pale Ifakara, nikaliangalia gari moja mpaka baba akanivuta shati.

"Vipi wewe, mwanangu? Hujawahi kuona gari?"

Nilikuwa nimeyaona mengi, ila lile nilikuwa nimeliona kwenye filamu tu.

Lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe kando ya gereji moja ndogo, boneti wazi, mvuke ukitoka kwenye redieta kama chungu cha maharage. Rangi yake samawati ya kupauka. Nikeli ya bampa ilikuwa na madoa ya kutu hapa na pale, lakini jua la asubuhi lilipoipiga, bado ilikuumiza macho. Taa za mbele nne, mbili mbili. Na urefu wake, jamani! Hiace ikisimama pembeni yake ilionekana kama mtoto aliyeletwa kuamkia wakubwa. Nyuma lilikuwa na mapezi. Ndiyo, mapezi kama ya samaki: bati limesimama kila upande, ncha zikinifika juu ya kiuno, na katika kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka kama risasi. Vijana wa bodaboda walishalizunguka. Watoto wa pale, ambao samaki wanawajua vizuri kuliko magari, walikuwa wameshalibatiza. "Perege! Perege!"

Dereva alikuwa jamaa mpole, kavaa shati jeupe lililoloa jasho. Alisema gari ni la tajiri mmoja wa Dar ambaye hulikodisha kwa ajili ya harusi. Mpunga umeshavunwa, pesa ipo, watu wanaoa. Bwana harusi wa Lupiro, ng'ambo ya mto, ameamua bibi harusi wake asipande gari ambalo kila mtu kalipanda. "Cadillac ya 1959 hii, bro," akaniambia, akipigapiga bati kwa kiganja kama mtu anayempoza ng'ombe. "Haina haraka. Inataka maji na heshima."

Nilibaki nimeduwaa. Na hapo hapo nikasikia aibu, kwa sababu mimi na baba hatukuwa njiani kwenda harusini. Tulikuwa tunasubiri basi la kutuvusha kwenda Minepa, kwenye arobaini ya babu. Na babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu asiyependa kabisa kusikia habari ya gari zuri. Kwa nini, nitakueleza. Lakini kwanza twende nyuma kidogo, maana gari kama lile halikutokea tu kama uyoga.

Tukisema vitu vya anasa kutoka Marekani, watu hufikiri ni mambo ya juzi: jinzi, Coca-Cola, muziki wa rap. Kumbe Marekani iliingia katika sehemu zetu zamani sana, na iliingia kama nguo. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na kufikia 1837 ilikuwa na konsuli wake Unguja. Merikebu za Salem, mji wa bandari huko Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho hakijapaushwa. Watu wa pwani wakakiita merekani, na jina hilo likapanda bara pamoja na misafara, likafika hata kule ambako hakuna aliyejua Marekani iko upande gani. Ukiwa na doti ya merekani ulikuwa mtu. Iliposhuka, misafara ilishuka na pembe za ndovu, na nyingi ya pembe hizo ziliishia kwenye viwanda vya Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Yaani mtoto wa tajiri wa New York alijifunza muziki kwa vidole vilivyogusa jino la ndovu wa Afrika Mashariki, na mkulima wa huku akajifunga kiunoni pamba ya huko. Biashara hiyo haikuwa sawa, lakini tamaa ya kitu kizuri cha mbali ilikuwepo pande zote mbili. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba tamaa ya vijana wa leo ni ugonjwa mpya.

Sasa turudi kwenye mapezi. Kampuni ya Cadillac ilianzishwa Detroit mwaka 1902, ikapewa jina la Mfaransa aliyeuanzisha mji huo mwaka 1701. Mwaka 1909 ikanunuliwa na General Motors. Mwaka 1912 ilitoa gari linalowashwa kwa umeme badala ya kuzungusha hendeli kwa mkono, kazi iliyokuwa imevunja mikono ya watu wengi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mchoraji mkuu wa General Motors, Harley Earl, alionyeshwa pamoja na vijana wake ndege ya kivita aina ya Lockheed P-38, yenye mikia miwili. Vita vilipokwisha, mkia ule ukahamia kwenye gari. Cadillac ya 1948 ilikuwa na vipezi vidogo, vya aibu aibu. Kila mwaka vikaongezeka. Kufikia 1959 vilikuwa vimepanda mpaka mahali ambapo havingeweza kupanda zaidi bila gari kuruka, na toka hapo vikaanza kushuka. Kwa hiyo lile la Kibaoni lilikuwa kilele chenyewe: mita 5.7 kwa urefu, zaidi ya tani mbili kwa uzito, injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4. Mwaka huo peke yake yalitengenezwa zaidi ya 140,000. Kwa Wamarekani wa siku zile, petroli ilikuwa kama maji ya mto.

Na huku kwetu mwaka 1959? Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Ni mwaka huo huo ambao Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akazungumzia kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Na hapa bondeni, Wandamba walikuwa wanapiga kafi mitumbwi iliyojaa mpunga, Wapogoro wanashuka kutoka milima ya Mahenge na mizigo kichwani, Wambunga wanalima pembeni ya Ifakara. Mto ukifurika, bonde zima linakuwa ziwa. Mtumbwi mzuri ulichongwa kutoka gogo moja, na nadhani kwa urefu mkubwa wake ungeweza kulala sambamba na Cadillac ile bila aibu.

Jambo moja lazima ulijue kuhusu Bonde la Kilombero: hili ni bonde ambalo wakubwa wamekuwa wakilichora kwenye ramani kwa zaidi ya miaka mia moja. Wajerumani walipima njia ya reli ya kusini kabla ya vita vya kwanza. Waingereza wakaja, na mwishoni mwa miaka ya 1920 mhandisi wao Clement Gillman akapima tena na kuandika ripoti. Reli haikuja. Kilichokuja kilikuwa kidogo kidogo: misheni ya Wakapuchini wa Uswisi, hospitali yao, na katika miaka ya 1950 maabara ndogo ya utafiti iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, ambayo ndiyo mbegu ya taasisi kubwa ya afya iliyopo Ifakara mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikaja kiwanda cha sukari upande wa Kidatu, na reli ndogo kutoka Kilosa ikafika Kidatu mwaka 1965. Ikaishia hapo hapo.

Mwaka huo huo, tarehe 11 Novemba, walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imebanwa. Shaba yake ipite wapi? Mafuta yaingie wapi? Malori yakaanza kukimbia barabara ya vumbi kutoka Dar hadi Zambia, mapipa ya petroli mgongoni, na madereva wakafa wengi mpaka njia ile ikaitwa ya jehanamu. Hapo ndipo mataifa makubwa yakaja kushindana kwetu. Nchi za Magharibi zilikataa kujenga reli, zikisema haina faida. China ikakubali. Wamarekani nao, ili wasionekane wamekaa tu, wakatoa fedha za barabara ya lami ya kwenda Zambia. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukisimama Mikumi ulikuwa unaona lami ya Mmarekani, na ukishuka huku bondeni unakuta tuta la Mchina. Ubepari na ukomunisti vikifukuzana kuelekea Tunduma, na katikati yao mkulima wa mpunga anatazama vumbi.

Babu yangu hakutazama tu. Mwaka 1972 na 1973 alikuwa kibarua wa TAZARA juu ya Mlimba, sehemu ile ngumu ya milima, madaraja na mahandaki kuelekea Makambako. Reli nzima ni kilomita 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Babu alirudi nyumbani na blanketi, redio moja, na kovu mkononi. Alipenda kusimulia kwamba mtaalamu wa Kichina alishika sururu yeye mwenyewe, akalala kwenye kambi kama wao, na hakuwa na gari la kujionyesha. "Mkubwa anayetembea kwa miguu," alikuwa akisema, "huyo ndiye mkubwa."

Ulikuwa ndio wimbo wa wakati wake. Azimio la Arusha lilishatangazwa mwezi wa pili mwaka 1967. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Mwalimu mwenyewe mwaka huo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Wakati huo Afrika Mashariki yote ilikuwa imeshapata neno la kuwaita wakubwa wapya waliokalia viti vya wazungu: Wabenzi, kabila lisilo na kijiji wala jando, linalotambulikana kwa nyota iliyo juu ya boneti tu. Gari likawa ushahidi. Ukiwa nalo zuri sana, watu wanajiuliza umelitoa wapi. Kupe, mnyonyaji, mirija: maneno hayo yote yaliweza kupakiwa kwenye buti la gari moja.

Na bado, ndugu msomaji, ukienda Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam utakuta Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu mwenyewe. Niliiona nikiwa darasa la sita. Mwalimu wetu alitueleza habari za fuvu la Olduvai kwa nusu saa nzima, lakini sisi wavulana macho yote yalikuwa kwenye ile Rolls-Royce. Dola nayo inapenda kung'ara, hata ikiwa ya kijamaa. Sisemi hivyo kwa kumkosea heshima Mwalimu. Nasema tu kwamba hata wale waliotukataza kutamani, kuna siku walilazimika kuingia kwenye kiti cha ngozi ili wageni wajue kwamba na sisi ni nchi.

Babu hakuwa na Rolls-Royce. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwenye ekari nne za mpunga na watoto saba. Baba ananiambia kwamba akiwa kijana aliwahi kubandika ukutani picha ya gari la Kimarekani aliyoikata kwenye gazeti kuukuu. Babu aliitazama kwa muda, akauliza, "Hili linabeba gunia ngapi?" Baba akajibu halibebi magunia, baba, ni la kutembelea tu. "Basi si gari," babu akasema, na kesho yake picha haikuwepo. Nilikuwa nikidhani hayo yalikuwa mambo ya siasa tu, yale ya Azimio. Mpaka baba aliponisimulia habari ya shangazi.

Mwaka ulikuwa 1981, mwezi wa nne, masika. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, nchi haina fedha za kigeni, petroli ni ya kutafuta kwa tochi. Wakubwa wenu watawaambia: katika miaka ile ya shida ya mafuta magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Shangazi, binti wa kwanza wa babu, alishikwa na uchungu Minepa usiku. Mkunga akaona damu, akasema huyu ni wa hospitali, na hospitali iko ng'ambo, Ifakara. Gari lililokuwepo kijijini lilikuwa juu ya mawe, halina tone la mafuta. Wakafunga machela kwa shuka na mianzi. Baba alikuwa na miaka kumi na minane, alishika mguu wa nyuma wa kushoto. Walifika kivukoni saa saba za usiku. Pantoni lilikuwa limefungwa upande wa pili. Mto umejaa, una sauti. Wenye mitumbwi walisema ukweli wao: usiku huu, maji haya, na viboko, tutazama wote. Wakakubaliana kuvuka alfajiri. Shangazi hakuifikia alfajiri.

Simlaumu mtu. Mwenye mtumbwi alikuwa sahihi, na pantoni haliendeshwi usiku kwenye mafuriko. Lakini ukishaijua habari hiyo, unamwelewa mzee aliyeuliza hili linabeba gunia ngapi. Kumbe alikuwa anauliza jambo lingine: hili lingemvusha binti yangu? Kama halikumvusha, basi mbele yangu ni bati tu, hata ulipake rangi gani.

Kwa muda mrefu nilifikiri habari imeishia hapo, kwamba babu yuko sahihi na sisi wapenda mchuma ni watoto wapumbavu. Halafu nikasoma habari za Wamarekani weusi, nikagundua kwamba jambo hili lina upande mwingine.

Marekani ile ile iliyotengeneza mapezi ilikuwa na mahali pengi ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kulala hoteli, kula mgahawani, wala kukaa kiti cha mbele cha basi. Ilibidi wawe na kitabu maalumu cha wasafiri, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1936, cha kuwaonyesha wapi watapokelewa bila kutukanwa. Mtu mweusi aliyefanikiwa, daktari au bondia au mwanamuziki, hakuweza kununua nyumba katika mtaa mzuri, maana wazungu walimkatalia. Alichoweza kununua ni Cadillac. Mwaka 1949 gazeti lao la Ebony liliandika makala nzima kujibu swali la kwa nini watu weusi wanapenda gari hilo. Jibu kwa maneno yangu: kwa sababu ndani ya gari lako hakuna anayekuambia hamia nyuma.

Halafu ikaja Desemba 1955, Montgomery, Alabama. Rosa Parks akakataa kumpisha mzungu kiti, akakamatwa, na watu weusi wa mji ule wakasusia mabasi kwa siku 381. Walikwendaje kazini? Wengi kwa miguu. Wengine kwa magari ya wenzao, karibu magari 300 yaliyopangwa vituo na ratiba, na makanisa yakanunua mengine ya kubebea waumini. Wakubwa wa mji wakayawinda kwa faini na kesi. Katika magari yale yalikuwepo ya kifahari na yaliyochoka. Yale ya kujionyesha Jumapili yakawa Jumatatu yanabeba wafua nguo na wapishi. Nikajiambia: hapo babu angekubali. Lile gari limebeba gunia lake.

Kwa hiyo naona kosa halikuwa kwenye uzuri wa gari. Kosa ni pale uzuri unapokuwa wa wachache, na mto ukabaki bila daraja. Sisi Watanzania tulipita njia zote mbili. Kwanza tukalitukana gari zuri, na mto ukabaki bila daraja. Halafu tukageuza: biashara ikafunguliwa miaka ya 1980, mwaka 1991 masharti ya uongozi ya Azimio yakalegezwa Zanzibar, mitumba ya magari ya Kijapani ikamiminika bandarini, kila mtu akawa ruksa kutamani. Na mto ukabaki bila daraja bado. Januari 2016 kivuko cha Kilombero kilipinduka kwenye dhoruba kikiwa na watu na magari. Ndipo Mei 2018 daraja likafunguliwa na Rais Magufuli, mita 384 za zege, nalo likapewa jina lake. Ukianza kuhesabu toka Wajerumani walipopima bonde, ni zaidi ya miaka mia moja ya kusubiri.

Nirudi Kibaoni. Redieta ilipoa, fundi akaijaza maji, injini ikaunguruma. Haikupiga kelele, ilinguruma tu kwa mbali kama simba aliyeshiba. Dereva akatuuliza kama tunaifahamu barabara ya Lupiro. Baba akasema amezaliwa Minepa. "Basi pandeni, mzee wangu, mnionyeshe njia."

Nilifikiri baba atakataa. Alikuwa amevaa kanzu ya arobaini, kashika mfuko wa sukari. Aliliangalia gari kuanzia taa mpaka mapezi, kimya, kisha akafungua mlango wa mbele akaingia. Kiti kilikuwa kama kochi, tulikaa watatu sambamba bila kubanana. Usukani uko kushoto, Kimarekani, kwa hiyo dereva haoni vizuri anapotaka kulipita gari lingine. Baba akawa ndiye macho yake upande wa kulia. "Subiri... subiri... lori... haya, nenda." Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mzee wangu amefurahi namna ile. Watu walisimama barabarani. Akina mama waliobeba kuni walipunga mkono, naye akawapungia kama rais.

Tulipofika darajani dereva akapunguza mwendo mwenyewe, bila kuambiwa. Mto ulikuwa umeshuka, wa kiangazi, una michanga, wavuvi wawili na mtumbwi wao. Baba akaacha kupunga. Akageuza uso upande ambako zamani pantoni lilikuwa linagusa, akanyoosha kidole, halafu akakirudisha mapajani.

"Pale," akasema. "Tulikaa pale mpaka kukapambazuka."

Dereva hakujua anazungumza habari gani. Mimi nilijua. Tulivuka kwa muda mfupi kuliko ule unaotumia kuifunga machela.

Minepa tulishuka kabla ya kufika msibani, kwa sababu baba alisema si adabu kufika kwenye arobaini ya mzee kwa gari la harusi. Tulitembea kipande kilichobaki kwa miguu, vumbi kwenye viatu. Lakini watoto walishatutangulia na habari, na bibi alikuwa mlangoni anatusubiri. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia, kisha akamgeukia baba: "Nasikia mmeletwa na samaki."

"Ndiyo, mama."

"Na mmevuka salama?"

"Tumevuka salama."

"Basi zuri hilo," bibi akasema, akaingia ndani kuendelea kupakua wali.

Ndugu zangu mnaoandika, na mnaotaka kuandika: tunaambiwa kila siku kwamba historia ni habari za mikataba, vita na viongozi. Mimi naona inaweza pia kuanzia kwenye bampa. Ukiona kitu kizuri kimepotea njia mpaka kijijini kwenu, usione aibu kukiangalia, kiangalie mpaka ushibe. Halafu jiulize kilipita barabara ya nani, kilivuka daraja la nani, na kabla ya daraja hilo ni nani alikaa ukingoni akisubiri. Waulize wazee wako mapema. Mimi babu sikumuuliza, nilichelewa kwa siku arobaini.

Kama ningempata leo, ningemwambia hivi: babu, lile gari halibebi magunia. Lakini limembeba mwanao mpaka ng'ambo, mchana kweupe, bila kusubiri mtu. Sijui kama angecheka. Naamini angeuliza limekunywa petroli kiasi gani.